Mwongozo wa Kuipanua Sakhr ya Mjomba kwa Bei Nafuu

Kabla ya yote, hakikisha una mjomba aliyefanya kazi Kuwait au Maskati miaka ya themanini. Asiye naye na aazime. Mkongani na vijiji vyake hakukosi mzee mmoja aliyekwenda Arabuni na koti akarudi na sanduku. Ndani ya sanduku hilo sharti viwe vitu vinne: blanketi zito lenye picha ya chui, lisilo na kazi huku kwetu ila kumfunikia mgonjwa wa malaria, birika la umeme, lililotangulia kufika kabla ya umeme wenyewe, redio ya kaseti, na kompyuta ya Sakhr, ambayo waliokuja kumpokea waliidhania taipureta. Kompyuta hiyo iwe imekaa juu ya kabati tangu siku ile, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kila mtoto wa nyumba awe alishapigwa kofi kwa kuigusa. Ukiikuta imefutwa vumbi na inafanya kazi, achana nayo. Hiyo haikuhitaji wewe.

Usiende kuiomba mikono mitupu. Nenda na sukari kilo mbili, na nenda na nasaba, maana mzee hampi mashine mtu asiyemjua kwao. Baada ya shikamoo na "marahaba, mjomba", mwambie hivi: Mkuwaiti Mohammed Al-Sharekh alianzisha kampuni yake ya Sakhr mwaka 1982 ili Waarabu wapate kompyuta inayoandika Kiarabu, na badala ya kuunda kila kitu upya akawaendea Wajapani. AX-170, ambayo pengine ndiyo iliyo juu ya kabati, ilitengenezwa na Yamaha. Kwa ukoo ni MSX, utaratibu uliotangazwa Juni 1983 na Kazuhiko Nishi wa kampuni ya ASCII akishirikiana na Microsoft: kila kampuni iunde mashine kwa sura itakayo, lakini katriji ya huyu iingie kwa yule na programu ya yule isomeke kwa huyu. Japani waliinunua kwa wingi, na Brazil, Uholanzi na Hispania vilevile. Wasovieti walizipanga Yamaha za aina hiyo madarasani mwao. Sony moja ya MSX ilifika hadi kwenye kituo cha anga cha Mir.

Mzee akisikia kwamba ndugu ya kompyuta yake ilikwenda angani, ataiteremsha kwa mikono yake mwenyewe. Nyamaza hapo hapo. Usiingie habari za Agosti 1990, Iraq ilipoivamia Kuwait, kampuni ikahamia Misri na yeye akahamia Mkongani. Ukizigusa, mazungumzo yatageukia mishahara ambayo hakulipwa, na magharibi itaingia hujapewa kitu.

Shukuru pia kwamba mzigo wake uliteremka Mombasa. Wenzetu Watanzania, ng'ambo ya Lunga Lunga, walipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, na katazo hilo likakaa miaka. Mtu wa kuvuka Horohoro enzi hizo na kitu chenye kibodi angekuwa na mengi ya kueleza.

Ukishaifikisha kwako, kagua mali. Prosesa ni Z80 inayokwenda megahezi 3.58. RAM ni kilobaiti 64, yaani baiti 65,536. Washa MSX yoyote ya kawaida na itakuandikia kwenye skrini, kwa ukunjufu wote: 28815 Bytes free. Hesabu vizuri uone kwamba umeachiwa chini ya nusu. Ni kama shamba la urithi Kwale: hati inasema ekari nane, ukifika unakuta tano zina wenyewe na minazi imeshazaa. Sababu yenyewe haina siri. Z80 haiwezi kuona zaidi ya kilobaiti 64 kwa wakati mmoja, na ROM yenye BASIC inakalia nusu ya chini ya hizo. RAM iliyo nyuma yake ipo, ila BASIC haiifikii. Zinazobaki juu, nyingine zinaliwa na mashine kwa mahitaji yake ya ndani.

Sasa chukua memori kadi ya gigabaiti 4, ile ndogo ambayo muuza simu wa Ukunda anaona haya hata kukuonyesha. RAM ya mashine yako inaingia ndani yake mara 65,536. Yaani kwa kila baiti moja aliyokuwa nayo mjomba, wewe unakwenda kununua kompyuta nzima ya mjomba. Hesabu hii ni tamu sana usiku. Mtu wa nyumbani kwako asiisikie.

Usichomeke bado. Igeuze chali usome kibandiko. Kuwait na Oman wanatumia volti 240 na hezi 50 kama sisi, hata plagi ya pini tatu ni ile ile, kwa hiyo mjomba wa huko amekurahisishia. Mjomba wa Saudia ni habari nyingine: kule nyumba nyingi za wakati huo zilikuwa na volti 127 na hezi 60, na kifaa kilichonunuliwa Jeddah huenda hakijawahi kukutana na volti 240 maishani mwake. Wakikutanishwa ukumbini mwako, utajua kwa pua kabla ya macho. Kibandiko kikisema 110 au 127, nunua transfoma ya kushushia, na uiingize kwenye bajeti chini ya jina la mtu mwingine.

Hata iliyoandikwa 240 ina kapasita zilizokaa miaka thelathini na zaidi bila kazi, na kapasita zilizolala muda huo huweza kuvuja, kuvimba, au kupasuka siku ya kwanza. Mpelekee fundi wa redio. Fundi wa kweli ataifungua, ataitazama kwa muda wa sigara moja, kisha atasema, "Hii imekufa bodi." Usivunjike moyo. Hayo ni maamkizi yao. Mwambie unataka tu zile kapasita za sehemu ya umeme zibadilishwe, na ukae hapo hapo kibandani mpaka amalize. Ukimwachia ukaenda kunywa chai, utarudi ukute kipande cha Sakhr kiko ndani ya spika ya mteja mwingine, na kinafanya kazi vizuri tu.

Tundu la katriji lina kifuniko kidogo chenye springi. Kisukume kwa kidole na umulike ndani kwa tochi ya simu. Utaona safu mbili za pini, ishirini na tano kila upande, na kwa kuwa umande wa baharini hupanda mpaka huku milimani Shimba, zile zilizokuwa za rangi ya dhahabu zitakuwa zimeota kutu ya kijani kwenye ncha. Katikati yake, pengine, kuna mayai mawili ya mjusi, meupe, yameganda kwenye plastiki. Yatoe kwa kijiti. Chovya pamba kwenye spiriti ya duka la dawa, izungushe kwenye kipande chembamba cha kadibodi, ingiza na kutoa, ingiza na kutoa, mpaka kadibodi itoke safi. Kwa katriji zenyewe, kifutio cheupe cha shule kinatosha kusugua meno yake. Mnazi hausafishi pini, hata ukiwa mkali kiasi gani, na atakayekwambia unasafisha anataka abakishiwe.

Televisheni tafuta yenye kisogo. Tangu Kenya ihamie matangazo ya dijitali mwaka 2015, watu walizigeuza meza za kuku na vishikio vya milango, wakidhani hazipokei tena kitu. Zinapokea. Mitambo ya analojia ilizimwa, lakini kipokezi cha ndani ya televisheni hakikuarifiwa: bado kinangoja mtu azungumze nacho kwenye chaneli, na kompyuta yako inajua lugha hiyo. Chomeka waya wa antena na uzungushe taratibu maeneo ya chaneli ya 36 ya UHF, ambako mashine nyingi za nyumbani za enzi hizo hutangazia. Kama ina tundu la video la duara, tumia hilo na uepushe shida. Maandishi ya Kiarabu yakitokea, mwite ustadhi wa madrasa. Atayasoma yote kwa irabu zake, mbele ya mashahidi, bila kukosea hata herufi moja, na ukimuuliza maana yake atakwambia swala imekaribia.

Tuje kwenye uhifadhi, ambao ndio uliotutoa nyumbani.

Mashine hii ilizaliwa na kaseti. Data inapigwa kama sauti: biti ya sifuri ni wimbi moja la hezi 1,200, biti ya moja ni mawimbi mawili ya hezi 2,400. Kila baiti inabeba biti zake nane pamoja na moja ya kuanzia na mbili za kumalizia, jumla kumi na moja, na kwa mwendo wa biti 1,200 kwa sekunde unapata baiti kama 109 kila sekunde. Programu ya kilobaiti 32 inachukua dakika tano. Kuna mwendo wa 2,400 kwa wenye haraka. Gharama ni kaseti moja na subira, na redio ya mjomba ipo.

Tatizo ni kaseti zenyewe. Hewa ya Pwani huziotesha ukungu mweupe kwenye utepe, na huo ukipita kwenye kichwa cha redio unasikia mvua ya Mei. Kanda tupu hazipatikani, kwa hiyo utashawishika kuchukua ya zamani, kuziba kile kitundu cha juu kwa selotepu, na kurekodi juu yake. Itazame kwanza. Ukikuta ni taarabu ya Juma Bhalo, rudisha selotepu mfukoni. Kuna mambo ambayo hata upanuzi wa kumbukumbu haujayahalalisha.

Ndipo tunapofika kwenye njia ambayo mimi, nikiulizwa na mtu mwenye watoto wa kusomesha, ningemwambia aishie hapo: simu ya kabambe. Kompyuta ya mjomba haijui kama kilicho upande wa pili wa waya ni redio ya Sanyo au ni nini. Inasikiliza mlio tu. Chukua kabambe yenye tundu la hedifoni na nafasi ya memori kadi, weka ndani faili za sauti za programu, na umeipa mashine ya 1986 hifadhi isiyoota ukungu. Programu za MSX zinasambazwa katika faili ziitwazo CAS, na kuna viprogramu vya bure vya kuzigeuza ziwe WAV. Kijana yeyote wa saiba ya mjini Kwale atakugeuzia, akijua ni kazi ya shule. Faili ya WAV ya biti nane, mono, sampuli 22,050 kwa sekunde, inakula kama kilobaiti 22 kila sekunde. Mchezo wa dakika tano ni megabaiti sita na nusu hivi. Kadi yako ya gigabaiti 4, ile iliyodharauliwa Ukunda, inabeba michezo kama mia sita. Mjomba alirudi na miwili.

Waya utautengeneza mwenyewe. Tundu la kaseti la MSX ni la duara, la pini nane. Pini ya 5 ndiyo inayopokea sauti, ya 4 ndiyo inayotoa. 1, 2, 3 na 8 zote ni ardhi. 6 na 7 ni za kuwasha na kuzima mota ya redio. Kata waya wa hedifoni zilizokufa sikio moja, tumia upande mmoja tu wa stereo, ulehemu kwenye 5 na ardhi. Za 6 na 7 ziache. Hata hivyo mashine itaendelea kulia "tak" kila inapotaka mota iwashwe, kwa sababu ndani mna swichi ya sumaku inayotimiza wajibu wake hata kama hakuna mota. Waliofanya kazi ofisini wataielewa.

Andika RUN"CAS:" kwa programu ya BASIC, au BLOAD"CAS:",R kwa zile za lugha ya mashine, bonyeza Enter, kisha cheza faili. Sauti iwe juu karibu na mwisho. Zima kila kinachoitwa besi au "sauti tamu". Halafu, na hili ndilo ambalo vitabu vya Yamaha havikuliwaza, weka simu katika hali ya ndegeni. Utasema ni dakika tano tu, nani atanitafuta? Utakuwa dakika ya nne na nusu, watoto wa jirani wamejaa dirishani, na shangazi yako wa Msambweni ataamua kukurudishia shilingi mia mbili za mwezi wa Shaabani. M-Pesa inalia "ting". Mlio huo nao ni sauti, mashine imeusikia, imeujaribu kuuelewa kwa adabu, na imeandika: Device I/O error. Unaanza upya. Shangazi naye, kwa kuwa hukujibu, anapiga.

Vilevile hakikisha mita ina tokeni. Kisanduku kinapoanza kulia ukutani, kina sauti iliyo karibu mno na ile ya kaseti, na kuna watu wamekaa wakisubiri mchezo ufunguke kumbe wanasikiliza deni.

Mwenye akili anaishia hapa. Lakini kwa kuwa umesoma mpaka hapa, tuendelee na katriji.

Dunia nzima ya MSX haikufa. Ilihamia kwenye meza za jikoni za watu wenye subira. Mhispania Manuel Pazos anatengeneza MegaFlashROM SCC+ SD, katriji yenye matundu mawili ya kadi ndogo. Warusi wa kundi la RBSC wana Carnivore2, yenye RAM ya megabaiti moja na sauti za ziada juu yake. Brazil kuna SD Mapper, yenye kadi na kilobaiti 512 za RAM. Waholanzi walishaunganisha diski ngumu kwa MSX tangu enzi za diski ngumu zenyewe. Ukiziona zote hizi kwa pamoja utadhani umeingia Marikiti na kila mtu anakuita "mteja".

Wewe, kama mtu wa bei nafuu, utachagua ile ya bei ya chini kabisa: yenye tundu la kadi peke yake, bila RAM. Hongera. Mfumo unaosoma kadi hizi vizuri ni Nextor, aliouandika Mhispania Néstor Soriano juu ya msingi wa MSX-DOS 2, na unaweza kutumia vigawanyo vya FAT16 hadi gigabaiti 4. Lakini ili ufanye kazi kikamilifu unataka angalau kilobaiti 128 za RAM iliyopangwa kwa kurasa, na mashine ya mjomba ina 64, tena za kawaida. Kwa hiyo unaagiza katriji ya RAM ya kilobaiti 512. Ikifika unagundua kwamba tundu la kuingizia liko moja na katriji ziko mbili. Kwa hiyo unaagiza kigawanya-tundu. Kikifika unagundua kwamba vifaa vitatu vinavuta umeme mwingi kuliko ule uliokusudiwa na Yamaha, na unarudi kwa fundi. Atakuamkia kama kawaida: imekufa bodi. Safari hii msikilize.

Kila kimoja cha hivyo kilikuwa nafuu. Jumla yake, pamoja na usafirishaji na asilimia 16 ya VAT, ndiyo katriji ile kubwa uliyoikataa mwanzo, na chenji ya mbuzi.

Na ushuru una mapokezi yake. Fomu inauliza kitu ni nini. Ukiandika "sehemu ya kompyuta" utaulizwa ni kompyuta gani. Ukisema ya 1986 utatazamwa kwa huruma. Ukisema ni ya mchezo utatazamwa kwa hamu. Andika sehemu ya kompyuta na ujifanye mwalimu. Kutoka Mombasa mzigo unavuka Likoni, au unazunguka Dongo Kundu, unapanda kutoka Kombani hadi mjini Kwale, na kutoka hapo unakabidhiwa mtu wa bodaboda ambaye lazima umwambie kwamba ndani mna dawa. Ukimwambia ni kompyuta atatarajia ukubwa wa kompyuta, na akiona kiboksi cha kutosha kiganjani ataamini umetapeliwa, na kufika jioni Mkongani nzima itakuwa imekuja kukupa pole.

Kadi nayo ijaribu kabla ya kuiamini. Sokoni kuna kadi zilizoandikwa gigabaiti 64 ambazo ndani zina 8 na ujasiri. Zinapokea kila utakachoziwekea na kusahau kilichozidi, bila kusema neno. Kuna programu za bure, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux, zinazoijaza kadi mpaka pomoni na kuisoma tena. Kwa MSX hutajua tofauti kwa miaka mingi, maana programu zote alizowahi kuziota mjomba haziijazi hata hiyo 8. Ila ni vizuri kumjua uliyenaye.

Zima mashine kabisa kabla ya kuingiza katriji. Hili silo la mzaha: ukiichomeka ikiwa imewaka, unaweza kuiua katriji na mashine kwa mkono mmoja. Lebo ikuelekee wewe. Washa, andika CALL FDISK, fuata maelekezo ya kugawa kadi, kisha nakili NEXTOR.SYS na COMMAND2.COM. Hapo utaona kitu kinachoitwa mwendo. Kile kilichokuwa dakika tano za mlio na dua sasa kinakuja kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

Usimwambie mtu, lakini ndani ya ile memori kadi yenyewe, chini ya plastiki, mna prosesa ndogo ya kusimamia kumbukumbu, na kwa kawaida ni ya kasi kuliko Z80. Umemletea bwana mtumishi msomi kuliko yeye. Kila faili inapofunguliwa, msomi anafanya kazi kwa kufumba jicho, kisha anakaa kusubiri bwana amalize kusoma.

Rudi sasa kwenye BASIC, uangalie ile hesabu ya baiti ulizoachiwa. Ilikuwa 28815. Imepungua. Imepungua kwa kilobaiti kadhaa, kwa sababu mfumo wa diski nao umejitengea mahali pa kukaa, na mahali penyewe ni mle mle ulimokuwa. Umeongeza gigabaiti nne, kilobaiti 512, kigawanya-tundu, transfoma na fundi, na mashine inakujulisha, kwa ukunjufu ule ule, kwamba nafasi ni ndogo kuliko alivyokuachia mjomba. Baadhi ya michezo ya zamani ya kaseti, iliyozoea nyumba nzima, itakataa kuamka. Dawa ipo: shikilia Ctrl mashine inapoamka, diski ya pili ya kubuni ifutwe na upate nafuu kidogo. Shikilia Shift, na diski zote zizimwe, urudi kwenye 28815 zako. Yaani njia ya uhakika ya kufaidi upanuzi wote huu ni kubonyeza kitufe kinachouondoa.

Mjomba atapita kukagua. Hatatazama katriji. Atauliza kitambaa cha kufuma kiko wapi.

Halafu watakuja wengine, na swali lao litakuwa moja: inafanya nini? Usiwaonyeshe michezo, heshima itaisha. Waambie inaweka hesabu za chama. Ni kweli, itaweka. Katika BASIC, kila mchango unauandika kama mstari wa DATA, jina na kiasi, na mistari mingine michache ya READ na FOR inajumlisha na kuchapa waliolipa na wasiolipa. Unaandika SAVE"CHAMA.BAS" na inakaa kwenye kadi. Jina lisizidi herufi nane kabla ya nukta, na kwenye kaseti lisizidi sita.

Mwalike mweka hazina aje aone. Ni mama mwenye miwani na daftari la jalada gumu ndani ya mfuko wa plastiki, na atauliza mambo mawili: stima ikipotea inakuwaje, na je, akiwa shambani Tiribe na mtu akataka kujua deni lake, itabebwa na nani. Mjibu kwa heshima kwamba hayo yanashughulikiwa. Kisha panga utaratibu wa nakala ya akiba, ambao hakuna mwongozo wa kompyuta unaopaswa kuusahau: yeye aendelee kuandika kwenye daftari lake kama siku zote, na wewe kila Ijumaa jioni upite kwake ukanakili.